Anime tano za vita za kutazama, kisha umuulize cucu wako

Ukipita Skuta jioni, au ukisimama stendi ya Nyeri matatu ya Karatina ikisubiri kujaa, utaona simu moja imezungukwa na vichwa vitatu. Si lazima iwe mpira. Siku hizi mara nyingi ni anime. Mmoja anasema Eren wa Attack on Titan alikuwa na haki, mwingine anasema huyo ni muuaji tu kama wauaji wengine, na ubishi hauishi mpaka konda aite.

Mimi ni wa kundi hilo hilo. Bando yangu nyingi imeishia huko. Lakini juzi nilijiuliza: mbona najua vita vya Waviking kuliko vita vilivyopiganwa kwenye msitu ninaouona nikifungua dirisha?

Wazee wetu bado wanaziita katuni za watoto. Zii, hayo yalipita. Mwaka 2025 bendera ya fuvu lenye kofia kutoka One Piece ilipeperushwa na vijana Indonesia, ikafika maandamano ya Nepal, kisha Madagascar, ambako fuvu lilivishwa kofia ya kienyeji. Kizazi chetu kiliingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, Nyeri ikiwemo. Kwa hivyo hadithi tunazotazama kuhusu dhuluma, vita na kisasi zinatujenga vichwa, tupende tusipende. Ni vizuri kuchagua.

Tena Nyeri na Japan si wageni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipeleka wanajeshi wa King's African Rifles hadi Burma kupigana na Wajapani. Mmoja wao alikuwa kijana wa Nyeri, Waruhiu Itote. Alirudi nyumbani akiwa amejifunza vita, akakuta ardhi bado iko kwa mzungu, na miaka michache baadaye akawa Jenerali China, kamanda wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya, hadi alipokamatwa Januari 1954. Kwa hiyo ukitazama anime ya Wajapani wakilia kuhusu vita vile, unatazama upande wa pili wa vita alivyopigana mtu wa kwetu.

Hizi hapa tano ninazopendekeza, na kwa nini.

1. Grave of the Fireflies (1988)

Hii ni filamu moja, si msururu. Imeongozwa na Isao Takahata wa Studio Ghibli, kutoka hadithi ya Akiyuki Nosaka, ambaye mdogo wake wa kike alikufa kwa njaa wakati wa vita. Seita ana miaka 14, dada yake Setsuko ana minne. Mji wao wa Kobe unapigwa mabomu 1945, mama anakufa, na watoto wanabaki kutafuta chakula. Hakuna shujaa, hakuna pigano la mwisho. Adui mkubwa ni njaa, na majirani waliofunga milango.

Niliitazama nyumbani, upande wa Tetu, cucu yangu akiwa amekaa pembeni akichambua maharagwe. Haelewi Kijapani wala Kiingereza. Baada ya muda akauliza kwa Kikuyu, "Huyo mtoto ana njaa?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Hata sisi kule kijijini ilikuwa hivyo. Tulikuwa tunapewa saa moja tu ya kwenda shambani. Ukichelewa, unarudi mikono mitupu au unapigwa."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo maisha yangu yote. Ilibidi katuni ya Japan imfungue mdomo.

Kijiji alichokuwa akisema ni vile vya Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ilihamisha zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu wengi wao, ikawarundika katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na vijiti vyenye ncha kali. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Waliobaki humo ni akina mama, watoto na wazee.

2. In This Corner of the World (2016)

Suzu ni msichana wa Hiroshima anayependa kuchora. Anaolewa Kure, mji wa bandari ya kijeshi, na vita vinamkuta jikoni. Anapika magugu kwa sababu mgao wa chakula umepungua. Anashona na kupanga foleni. Mabomu yanakuja katikati ya kazi za nyumbani.

Mwongozaji, Sunao Katabuchi, alichunguza mitaa ya Hiroshima ya kabla ya bomu duka kwa duka ili aichore ilivyokuwa. Pesa za kuanzia zilipatikana kwa mchango wa watu wa kawaida zaidi ya 3,000. Sisi tungeiita harambee. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ukiipenda, tafuta pia Barefoot Gen ya 1983. Aliyeiandika, Keiji Nakazawa, alikuwa mtoto wa miaka sita bomu lilipoanguka Hiroshima, na alipoteza baba, dada na kaka. Ni nzito, usiiwashe mbele ya watoto.

3. Golden Kamuy (ilianza 2018)

Sugimoto amerudi kutoka vita vya Japan na Urusi vya 1904 na 1905. Alipigana kama simba, lakini nyumbani hana kitu. Anaingia misitu ya Hokkaido kutafuta dhahabu, akiongozwa na Asirpa, msichana wa jamii ya Ainu, wenyeji ambao ardhi yao ilichukuliwa na Wajapani. Asirpa ndiye anayejua mitego na mizizi inayolika, na ndiye anayejua kujificha.

Kuna ucheshi mwingi na damu nyingi pia. Lakini mtu wa Nyeri ataona mambo mawili. La kwanza ni askari aliyerudi mikono mitupu, kama waliorudi kutoka Burma wakati walowezi wazungu waliotoka vita hivyo hivyo wakipewa mashamba. La pili ni mwanamke anayeujua msitu. Sisi tulikuwa na Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, akaishi msituni hadi Uhuru. Aliendelea kuishi Nyeri na rasta zake ndefu hadi zikanyolewa 2022. Aliaga Septemba 2023. Ni wangapi kati yetu tulikuwa tumemtembelea?

4. Vinland Saga (2019 na 2023)

Msimu wa kwanza una kila kitu unachotaka: mashoka, merikebu, na kijana Thorfinn anayemfuata muuaji wa babake miaka yote ili alipize kisasi. Wengi huishia hapo. Usifanye hivyo. Msimu wa pili, Thorfinn ni mtumwa anayeng'oa visiki shambani kwa tajiri, na mwenzake ni mtu ambaye kijiji chake kiliharibiwa na watu kama yeye. Hapo ndipo anime inauliza: utaishije na jirani uliyemuumiza, au aliyekuumiza?

Hilo ndilo swali tunaloliogopa huku mlimani. Msituni kulikuwa na itungati, wapiganaji. Kijijini kulikuwa na ngati, walinzi waliotumikia mkoloni. Mara nyingine walikuwa ndugu wa boma moja. Uhuru ulipokuja, wote walibaki ridge moja, kanisa moja, soko moja. Kuna familia hadi leo zinajua nani alimuuza nani, na hazisemi. Nasi tunarithi mashamba bila kujua yalipatikana vipi.

5. 86 (2021)

Nchi moja inajigamba kwamba vita vyake vinapiganwa na mashine tupu na hakuna mtu anayekufa. Uongo. Ndani ya mashine kuna vijana wa makabila yaliyonyang'anywa uraia na kufungiwa kambini. Hawahesabiwi kwa sababu wameamuliwa kuwa si watu.

Ukitoka hapo, soma kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza. Mwaka 2011 ndipo ilipojulikana kwamba mafaili ya kikoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza. Juni 2013 Waingereza wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Watu 1,090 walinyongwa wakati wa Hali ya Hatari. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa 2023 alieleza majuto, lakini msamaha rasmi hakuomba.

Na Yasuke je?

Yasuke ya Netflix (2021) itazame kwa burudani, ina maroboti na uchawi. Yasuke wa kweli alikuwa Mwafrika, inadhaniwa wa Msumbiji, aliyefika Japan 1579 na kumtumikia mtawala wa kivita Oda Nobunaga. Historia yake ni tamu hata bila maroboti.

Sasa ya kwetu

Angalia kitu kimoja kuhusu anime hizi za Hiroshima na Kobe. Zipo kwa sababu aliyeona alisema, na kijana akaandika au akachora. Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya Amani ilikwenda kwa Nihon Hidankyo, chama cha manusura wa mabomu ya atomiki, watu waliozunguka miaka mingi wakisimulia tu walichokiona.

Sisi je? Dedan Kimathi alikamatwa hapa Tetu Oktoba 21, 1956, akanyongwa Februari 18, 1957. Mjane wake, Mukami, aliomba mabaki ya mumewe hadi alipofariki Mei 2023 bila kuyapata. Ruring'u, pale tunapoenda kutazama mechi, ndipo wapiganaji walipotoka msituni Desemba 1963 kukabidhi silaha. Makumbusho ya Nyeri iko Ruring'u hapo hapo. Na kule Nanyuki, Januari 1943, Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kujisalimisha. Hiyo ni anime tayari, inasubiri tu mchoraji. Na pesa si kisingizio. Katabuchi alianza na harambee.

Kinachoisha haraka ni mashahidi. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita 80. Mimi nilirudi kwa cucu miezi kadhaa baadaye na daftari, nimejipanga na maswali. Alikuwa ameanza kuchanganya majina. Alinikumbuka mimi, lakini kijiji hakukikumbuka tena. Siku ile ya maharagwe simu ilikuwa mkononi mwangu, na sikurekodi hata dakika moja.

Kwa hivyo wikendi hii tazama moja. Kisha nenda kwa cucu au guka, uwe umebeba sukari na majani chai. Usianze na kiapo wala nani aliua nani. Uliza mlikuwa mnakula nini. Uliza nani alichimba mtaro na kijiji kilikuwa wapi. Akikataa kusema, heshimu. Akisema, omba ruhusa, kisha bonyeza kitufe cha kurekodi.

Ubishi wa Eren utatungoja stendi.