Los Alamos: Hasara Ina Tarakimu, Mwenye Dhamana Hana Jina

JICHO LA ALHAMISI
Na Haji Mbaruku

"Mzee Haji, kule Marekani mambo ya nyuklia hayana longolongo. Hata karatasi moja haipotei."

Kijana aliyasema hayo Jumatatu usiku, barazani Magomeni. Nusu ya waliokuwapo walikuwa wametoka kuitazama tena filamu ya Oppenheimer, ile ya kuundwa kwa bomu la kwanza la nyuklia, wakatikisa vichwa kukubali. Kahawa ikamchachia mdomoni mwandishi wa safu hii.

Kijana huyo anasomea uhasibu na yu karibu kumaliza. Mtu anayefundishwa kukagua vitabu vya hesabu akianza kuziamini taasisi kwa ukubwa wa majina yao, nchi itakagua nini kesho? Ndiyo maana Mzee Haji, aliyekuwa ameshasimama aende zake, akaketi tena na kumjibu palepale. Alisema kwamba maabara za silaha za nyuklia za Marekani zina historia mbaya ya usimamizi, na kwamba chanzo chake kinajulikana. Serikali inamiliki majengo, plutoniamu na siri. Mkandarasi anaajiri watu na kuendesha kazi. Likitokea la kutokea, kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Toa mfano," kijana akasema.

Mfano upo, tena mkubwa. Julai 2004, maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico, ilitangaza kwamba diski mbili za siri hazionekani. Siku zilezile mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi akaumizwa jicho na mwanga wa leza. Mkurugenzi Pete Nanos akasimamisha karibu shughuli zote za maabara yenye maelfu ya wafanyakazi. Wapelelezi wakaingia, watu wakahojiwa, wengine wakasimamishwa kazi. Shughuli nyingine hazikurejea mpaka mwaka uliofuata.

Januari 2005 Wizara ya Nishati ikatoa jibu: diski hizo hazijawahi kuwapo. Stika za msimbo pau zilitolewa na kuandikwa kwenye orodha, lakini diski zenyewe hazikutengenezwa. Muuza duka wa Manzese, kabla hajamshika shati kijana wake wa kaunta, kwanza huulizia kama gunia lililoandikwa daftarini liliwahi kushushwa kwenye gari. Los Alamos, penye kompyuta zenye nguvu kuliko nyingi duniani, waliacha swali hilo mpaka mwisho.

Yule babu wa kona ya baraza, ambaye wasomaji wa safu hii wanamjua kwa swali lake moja la kila wiki, akalitoa: "Nani kalipa?"

Walipa kodi wa Marekani. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba kusimama kwa kazi huenda kuligharimu hadi dola milioni 370. Chuo Kikuu cha California, kilichokuwa kikiiendesha maabara hiyo tangu 1943, kilikatwa takriban theluthi mbili ya ada yake ya usimamizi, ambayo yote kwa jumla haikufika dola milioni 10 kwa mwaka. Hata faini za usalama wa nyuklia kilikuwa hakitozwi, maana sheria ya nchi ilikisamehe. Msamaha huo uliondolewa mwaka 2005, lakini faini za taasisi zisizo za faida zikawekewa mpaka: zisizidi ada zinayolipwa.

Kijana hakukubali. Akasema hiyo ni ajali moja, na ajali haina kinga.

Hapo mwandishi alipandisha sauti, na haoni sababu ya kuishusha leo. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2000, moto wa msituni ulipoikaribia maabara hiyohiyo, diski kuu mbili za kompyuta zenye habari za silaha za nyuklia zilitoweka kwenye kabati la chuma. Zilikuja kuonekana mwezi uliofuata, nyuma ya mashine ya fotokopi. Wakati zinatafutwa, mwanasayansi wa zamani wa maabara hiyo, Wen Ho Lee, alikuwa mahabusu kwa kesi nyingine. Alishtakiwa kwa makosa 59 kuhusu mafaili ya siri, akafungiwa peke yake kwa siku 278 bila dhamana, na mwishowe akakiri kosa moja tu. Jaji James Parker alimwomba radhi mahakamani, akasema serikali ilikuwa imempotosha. Basi ndivyo mizani ilivyokaa: mtu mmoja kakaa kizuizini karibu miezi tisa, na walioshika funguo za kabati hawakufungwa hata siku moja.

Fundi cherehani mmoja, mwenyeji wa Lubumbashi aliyehamia Dar es Salaam zamani, alikuwa kimya muda wote. Akauliza kama filamu ilionyesha Shinkolobwe. Hakuna aliyekuwa na jibu. Shinkolobwe ni mgodi wa Katanga, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka huko, ikichimbwa na Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Julai 2004, mwezi uleule Los Alamos walipokuwa wakitafuta diski ambazo hazikuwapo, sehemu ya mgodi huo iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo. Mgodi ulikuwa umepigwa marufuku miezi michache nyuma. Watu walichimba hivyo hivyo, kwa ajili ya kobalti. Fundi akasema, "Baba, jina letu halimo hata kwenye hasara." Baraza zima likanyamaza, na mwandishi anaona alisema kweli.

Lakini kisa kilichomchemsha Mzee Haji kuliko vyote ni cha Glenn Walp na Steven Doran.

Walp aliwahi kuwa mkuu wa polisi wa jimbo la Pennsylvania. Doran naye alitoka katika kazi ya polisi. Los Alamos iliwaajiri mwaka 2002 wachunguze wizi wa mali na matumizi mabaya ya kadi za manunuzi. Wakafanya kazi waliyoajiriwa kuifanya: wakakuta vifaa visivyojulikana viliko, manunuzi yasiyo na maelezo, na wakubwa waliotaka mambo yamalizwe kimyakimya. Novemba mwaka huohuo wote wawili wakafukuzwa. Baada ya kelele za magazeti na Kongresi, mkurugenzi John Browne akajiuzulu mwanzoni mwa 2003, na chuo kikuu kikawarudisha wachunguzi hao kama washauri.

Mtu akiajiriwa amshike mwizi, akamshika, kisha akafukuzwa yeye, wafanyakazi maelfu wanaotazama wanajifunza nini? Wanajifunza kunyamaza. Na palipo na plutoniamu, kunyamaza kunaweza kuua.

"Ndiyo maana wakabadilisha mkandarasi," kijana akajibu, na hapo alikuwa na hoja. Juni 2006 maabara ilikabidhiwa kampuni mpya, Los Alamos National Security, yenye Bechtel ndani yake, kwa matarajio kwamba watu wa biashara wataleta nidhamu. Ada ya juu kabisa ikapanda hadi zaidi ya dola milioni 70 kwa mwaka. Oktoba mwaka huohuo, polisi waliovamia makazi ya watu kwa ajili ya dawa za kulevya walikuta humo nyaraka za siri za maabara.

Agosti 2011, ndani ya jengo la plutoniamu liitwalo PF-4, wafanyakazi walipanga fimbo nane za plutoniamu karibu karibu ili wapige picha. Plutoniamu ikisogezwa pamoja kupita kiasi huweza kuanza mfululizo wa mpasuko wa viini na kumwaga mionzi inayoua waliosimama hapo. Los Alamos ilikwisha kuyaona hayo: Harry Daghlian alikufa hivyo mwaka 1945, na Louis Slotin mwaka 1946. Wataalamu wa usalama wa aina hiyo wakaanza kuondoka, na mwaka 2013 kazi kubwa za PF-4 zikasimamishwa.

Kisha likaja pipa. Tarehe 14 Februari 2014, pipa la taka za nyuklia kutoka Los Alamos lilipasuka chini ya ardhi katika ghala la WIPP, karibu na Carlsbad. Chumvi za nitrati zilizokuwa ndani yake zilikuwa zimechanganywa na chenga za ngano zinazowekwa kwenye choo cha paka, badala ya zile za madini, na mchanganyiko ukapata moto. Zaidi ya wafanyakazi 20 walikutwa na chembe za mionzi mwilini. Ghala lilifungwa karibu miaka mitatu. Ada ya kampuni kwa mwaka huo ikakatwa karibu asilimia 90, lakini mkataba ukaendelea hadi 2018.

Novemba 2018 akaja mkandarasi wa tatu, Triad National Security. Wabia wake ni Battelle, Chuo Kikuu cha Texas A&M na Chuo Kikuu cha California. Ndiyo, California ileile ya 1943, ambayo pia ilikuwa mbia katika kampuni ya 2006. Mabango ya langoni yamebadilika mara mbili, mshirika mmoja hajatoka.

Kijana aliuliza serikali ilikuwa wapi. Ilikuwapo, na ilijua. Ofisi ya wakaguzi wa Kongresi iliiweka mikataba ya Wizara ya Nishati kwenye orodha ya maeneo ya hatari mwaka 1990, na mikataba ya silaha za nyuklia ingalimo. Mwaka 2000 ikaundwa mamlaka maalumu, NNSA, ili pawe na mwenye dhamana mmoja. Mwaka 2014 jopo lililoundwa na Kongresi, likiongozwa na Norman Augustine na Richard Mies, lilisema wazi kwamba jaribio hilo limeshindwa. Jopo likaandika, na mamlaka ipo vilevile mpaka leo.

Sasa Los Alamos imepewa kazi ya kutengeneza viini vya plutoniamu vya mabomu visivyopungua 30 kwa mwaka, ndani ya PF-4 ileile. Januari 2023 wakaguzi walisema NNSA haina ratiba kamili ya mpango mzima wa viini hivyo, wala makadirio kamili ya gharama zake. Kongresi izuie fedha mpaka vitu vitatu vifanyike: ratiba na gharama ziwekwe hadharani, ofisa mmoja wa serikali atajwe kwa jina kuwa ndiye atakayejibu, na anayefichua maovu apewe ulinzi ambao Walp na Doran hawakuupata. Na wewe mwanafunzi wa uhasibu, kaombe ripoti hizo za wakaguzi uzisome. Ziko wazi kwa yeyote.