Changia Tairi Kabla ya Kuchangiwa Hospitali

Jumapili moja ya mwezi wa Julai tulikuwa pikipiki saba. Tulikutana kwenye kituo cha mafuta Waiyaki Way saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ile ya kuuma vidole hata ukiwa na glavu. Mpango ulikuwa wa kawaida: tupitie Rironi, tuteremke Mai Mahiu, tunywe chai Naivasha, turudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Nilipokuwa nangoja kujaziwa mafuta niliangalia tairi ya nyuma ya rafiki yangu. Katikati ilikuwa imelika hadi imekuwa bapa, na pembeni ilikuwa na nyufa ndogondogo kama udongo uliokosa mvua. Nikamuuliza, "Bro, hii tairi iko sawa kweli?" Akacheka. "Iko sawa, wacha wasiwasi. Mwisho wa mwezi nabadilisha." Nikanyamaza. Sikutaka kuonekana mimi ndio mwoga wa mbogi.

Kabla ya kufika lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, kuna kona moja inayozunguka polepole. Lami ilikuwa na unyevu wa ukungu. Nilikuwa nyuma yake, kwa hivyo niliona kila kitu. Hakuwa anakimbia sana. Alilaza pikipiki kidogo tu kuingia kona, tairi ya nyuma ikateleza, na kufumba na kufumbua alikuwa chini anaburuzika kuelekea upande wa pili wa barabara. Kama kungekuwa na lori linapanda dakika ile, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Alivunjika mguu mara mbili na mtulinga mara moja. Jioni hiyo grupu ya WhatsApp ikafunguliwa, namba ya kuchangia ikawekwa, na pesa zikaanza kuingia. Kufikia Jumanne usiku tulikuwa tumechanga shilingi 214,000. Mimi nilituma 5,000, na nilipoona ujumbe wa kuthibitisha nilijisikia vizuri kwa kama dakika moja hivi. Halafu nikakumbuka tairi. Tairi mpya ya nyuma ya pikipiki yake ilikuwa inauzwa shilingi 28,000. Kwa siku mbili tulikuwa tumepata pesa za kununua tairi saba, moja kwa kila mmoja wetu tuliyetoka asubuhi ile.

Hapo ndipo maoni yangu yanapoanzia. Sisi wapenda pikipiki za kasi tuna mkono mwepesi wa kutoa baada ya ajali, na mkono mzito wa kutoa kabla yake. Na kwa vile simu ile ile tunayotumia kuchanga ndiyo tunaweza kutumia kujiwekea akiba, hatuna kisingizio.

Bei ya kununua ni mlango tu

Mtu akitaka kununua supabaiki, swali la kwanza huwa, "Inauzwa ngapi?" Anaweka akiba miaka miwili, anauza gari la zamani, anaongezea bonasi ya Desemba, siku moja anaitoa nyumbani kwa mwenyewe. Picha zinapigwa. Mfukoni hakuna kitu.

Shida ni kwamba pikipiki kama Yamaha R6 au Kawasaki ZX-6R haikuundwa kama nduthi ya boda. Boda ya cc 125 inatumia tairi nyembamba, ngumu, ya kudumu. R6 inatumia tairi ya nyuma ya saizi 180/55 ZR17, mpira laini uliotengenezwa kushika lami ukilala kwenye kona. Ulaini huo ndio unaokushikilia, na ulaini huo huo ndio unaoifanya iishe haraka. Tena boda inalipa gharama zake. Kila asubuhi inatoka na kurudi na chochote. Yetu inatoka Jumapili na kurudi na njaa.

Sisemi hobi hii ni ya matajiri. Nasema uchague pikipiki ambayo unaweza kuilisha. Yamaha R3 yenye cc 321 au Ninja 400 inakupa raha ya kona zote za Mai Mahiu, na tairi zake ni nyembamba, bei yake ni nafuu na zinadumu zaidi. Mtu anayeendesha R3 yenye tairi mpya ni mwanapikipiki zaidi kuliko mwenye cc 1000 anayesubiri mwisho wa mwezi.

Hesabu ya shilingi kumi

Baada ya ajali ile nilichukua daftari nikaandika gharama zangu mwenyewe. Hizi ni za pikipiki yangu ya cc 600 na bei nilizolipa mimi. Zako zinaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

- Jozi ya matairi, pamoja na kufungiwa: 48,000. Yangu yalidumu kama kilomita 8,000. Hiyo ni shilingi 6 kwa kila kilomita.
- Oili ya sinthetiki na filta: 8,000 kila kilomita 5,000. Shilingi 1.60.
- Cheni na meno yake, mbele na nyuma: 25,000 kwa kilomita 20,000. Shilingi 1.25.
- Padi za breki: 9,000 kwa kilomita 12,000. Senti 75.

Jumlisha. Inakuja shilingi 9.60. Nikaifanya 10 ili isinisumbue kichwa.

Tangu siku hiyo nina sheria moja. Nikirudi nyumbani, kabla sijavua buti, naangalia mita. Nimeenda Naivasha na kurudi kilomita 180? Natoa simu, natuma 1,800 kwenye akiba niliyoifunga, ile ambayo siwezi kuitoa kwa kubonyeza mara moja. Nikienda kazini na kurudi kilomita 30, natuma 300. Mafuta hayamo humo, hayo nalipa pale kituoni. Hizi 10 ni za kuchakaa.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haikuulizi kama una pesa mwisho wa mwezi. Inakuuliza kama ulikuwa na pesa ya kutoka leo. Kama 1,800 inakuuma baada ya safari, basi safari yenyewe hukuwa na uwezo wa kuilipia. Ulikuwa unakopa kutoka kwa tairi yako, na tairi haitumi ujumbe wa kukukumbusha deni.

Kwa mwenye kwenda Naivasha Jumapili 40 kwa mwaka, hizo ni kilomita 7,200 na akiba ya 72,000. Matairi mapya yamelipiwa, oili imelipiwa, na bado kuna kitu cha kuwekea cheni. Hakuna miujiza hapo.

Tairi inasema ukweli, isome

Fundi wangu, mzee mmoja wa Industrial Area, hunifundisha kwa maneno machache. Siku moja alibonyeza tairi yangu kwa ukucha akasema, "Kijana yangu, hii imekauka kama kiatu ya shule." Kwa macho ilikuwa bado na meno. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umeegeshwa. Unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami, hasa asubuhi ya baridi kabla haujapata joto.

Angalia ubavuni mwa tairi. Baada ya herufi DOT utaona tarakimu nne za mwisho. Kama zimeandikwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hiyo ni habari muhimu hasa ukiuziwa tairi "mpya" kwa bei ya kutupa. Inaweza kuwa haijawahi kugusa barabara na bado imezeeka dukani.

Angalia pia umbo. Sisi wa Nairobi tunaendesha sana barabara zilizonyooka, Thika Road na Mombasa Road, kwa hivyo tairi inalika katikati na kuwa bapa. Ukilaza kona, pikipiki inaanguka ghafla kutoka kwenye ule ubapa kwenda pembeni, badala ya kuzunguka taratibu. Kumbuka sehemu inayogusa lami haizidi sana kiganja chako. Maisha yako yote yako juu ya kiganja kimoja mbele na kimoja nyuma.

Halafu mafuta ya breki. Yanavuta maji kutoka hewani, na yakishavuta maji yanachemka mapema. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, unaweza kubana breki ukakuta mkono umelegea. Yabadilishe kila miaka miwili, hata kama pikipiki imekaa tu. Ni kazi ya pesa kidogo kuliko kofia.

"Si nichukue tu mkopo wa simu?"

Najua naandika kwenye blogu ya mambo ya malipo kwa simu, na mikopo ya simu ina mahali pake. Mwenye boda akikopa kununua tairi, tairi hiyo inarudi kazini kesho na kulipa deni. Mwenye duka akikopa kuongeza stoki, vivyo hivyo. Lakini kukopa kwa siku 30 ili uende kucheza Jumapili ni kulipia raha na riba juu yake. Mwezi ujao utakuwa na deni, na tairi itakuwa imeshaanza kulika.

Kama tairi imeisha na akiba haipo, kuna njia ambayo haina riba kabisa: egesha pikipiki. Ifunike. Panda matatu. Pikipiki haitakasirika.

Na usijidanganye kuhusu bima. Wengi wetu tuna ile ya kulinda watu wengine tu, kwa sababu ndiyo sheria inayolazimisha na ndiyo ya bei nafuu. Hiyo inamlipa uliyemgonga. Mguu wako na pikipiki yako haviko ndani.

Mbogi ziwe vyama

Baada ya rafiki yetu kutoka hospitali, sita tuliobaki tulikubaliana kitu. Kila Jumapili tukitoka, kila mmoja anatuma 300 kwa akaunti ya pamoja kabla injini haijawashwa. Mweka hazina ni mmoja, na kila mwisho wa mwezi anatuma taarifa yote kwenye grupu, kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Kazi ya pesa hizo ni mbili. Kwanza, kumkopesha mwenzetu bila riba ikiwa tairi au breki zake zimeisha. Pili, kulipia gari la kubeba pikipiki ikiharibika mbali.

Na kuna sheria isiyo na pesa ndani yake: kabla ya kutoka, kila mtu anakagua tairi ya jirani yake, na yeyote anaweza kusema "wewe leo huendi". Mwanzoni ilileta maneno. Mmoja alikasirika akarudi nyumbani, Jumapili mbili hatukumwona. Ya tatu alikuja na tairi mpya, hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Mimi naamini kila kundi la waendeshaji nchini lingefanya hivi. Hatuhitaji kusajiliwa popote ili kuambiana ukweli kwenye kituo cha mafuta.

Kabla hujaingiza PIN

Jambo la mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nilichomeka. Niliona matairi yakiuzwa mtandaoni kwa nusu bei, nikaambiwa nitume 15,000 za kuyashikilia. Jina lililotokea kwenye skrini halikufanana na la duka. Nikajiambia labda ni la mke wake. Matairi sijayaona hadi leo, na ile namba ilizimwa jioni hiyo hiyo.

Jina likija tofauti, simama. Lipa kwa namba ya biashara inayoonyesha jina la duka, lipa ukiwa umeshika tairi mkononi na umesoma zile tarakimu nne, na uhifadhi ujumbe wa malipo pamoja na risiti. Ukinunua pikipiki nzima ya mkono wa pili, linganisha namba ya chasisi na logibuku, hakikisha umiliki unahamishwa kwenye mfumo wa NTSA kupitia akaunti ya muuzaji mwenyewe, na usimtumie mtu "dipo" ya kitu ambacho hujakiona.

Rafiki yangu sasa anatembea, ingawa akishuka ngazi hushika ukuta. Pikipiki aliiuza. Mwezi uliopita alinipigia kuniuliza bei ya R3. Sikumwambia bei. Nilimwambia, "Anza kutuma shilingi kumi kwa kila kilomita unayotamani kwenda. Ukifikisha pesa za jozi ya matairi kabla hata hujanunua pikipiki, nipigie tena."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ungeniambia hivyo asubuhi ile."

Ni kweli. Ningemwambia. Ndiyo maana nakwambia wewe.