Mkulima naye huweka mkeka

Jioni ya mechi ya Simba na Yanga, shughuli hupungua pale Mingoyo, njia panda ya kwenda Lindi, Masasi na Mtwara. Watu hujaa kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, kila mmoja na hesabu yake. Huyu anasema Yanga haifungwi kwa kuwa imeshinda mfululizo. Yule anasema itafungwa kwa sababu hiyo hiyo: imeshinda mno, zamu yake imefika.

Wote wawili wanakosea. Rekodi husaidia kupima ubora wa timu, lakini haitoi ahadi, na mpira hauna zamu. Yanga ilicheza mechi 49 za Ligi Kuu bila kupoteza, hadi Novemba 2022 ilipofungwa mabao 2-1 na Ihefu kule Mbarali. Uwezekano mkubwa wa kushinda haukuwa hakika ya kushinda.

Ubishi huo ni burudani hadi mtu anapotoa fedha. Wanaobashiri matokeo kwa simu hupenda mkeka wa mechi kadhaa, ambao hulipa pale tu mechi zote zinapotimia. Chukua mfano wa mechi tano, kila moja ikiwa na uwezekano wa 6 kwa 10. Kwa macho mkeka huo unaonekana mzuri. Ukizidisha, uwezekano wa zote tano kutimia ni kama 8 tu kwa 100. Mechi moja ikiharibika, mkeka umechanika. Lakini kibandani hutajwa yule mmoja aliyeshinda. Wale waliochaniwa mikeka hunyamaza.

Mkulima wa ufuta au korosho anaweza kumcheka kijana huyo, lakini mara nyingi naye ana mkeka wake shambani. Anakopa akitegemea mvua itanyesha vizuri, ubwiri unga hautashambulia mikorosho, bei ya mnada itakuwa juu, na malipo yatafika kabla ya shule kufunguliwa. Akipewa uwezekano wa 7 kwa 10 kwa mvua, 8 kwa ugonjwa, 6 kwa bei na 7 kwa malipo, yote manne kutimia pamoja ni kama 24 kwa 100. Maana yake, katika misimu minne, mpango wake utakamilika kama alivyoupanga mara moja hivi.

Mikoa ya Kusini ina kumbukumbu ya jambo hili. Msimu wa 2017/18 korosho iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Wengi waliichukua bei hiyo kuwa ndiyo bei ya korosho, kama shabiki anavyoichukua mechi ya jana kuwa ya kesho. Oktoba 2018 wanunuzi walitaja bei zilizo chini ya shilingi 3,000 na wakulima wakakataa kuuza. Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Wapo waliosubiri fedha zao hadi 2019. Aliyekopa kwa hesabu ya bei ya mwaka uliotangulia alipigwa mara mbili: kwa bei, na kwa muda.

Dawa yake ni hesabu ndogo ya daftari. Mfano, ekari ya ufuta ikigharimu shilingi 400,000 na kutoa kilo 250, kila kilo imemgharimu mkulima shilingi 1,600. Bei ikiwa 3,000, anabaki na 350,000. Ikiwa 2,000, anabaki na 100,000. Mvua ikikatika akapata kilo 150 kwa bei hiyo ya 2,000, amepoteza 100,000. Mkopo wenye busara ni ule unaoweza kulipika katika hali hii ya tatu, hata kama ni kwa kuuza mbuzi au mihogo ya shamba la pili. Usiolipika hapo ni mkeka.

Mfanyabiashara mdogo anayewakopesha wateja wake sukari na sabuni hadi mnada ufanyike afanye hivyo hivyo. Wateja wake wote wanategemea mvua ile ile na bei ile ile, kwa hiyo wakishindwa kulipa, watashindwa kwa pamoja. Fedha ya kujaza rafu asiitoe yote kwa mkopo.

Mkulima hawezi kuacha kubahatisha, kwa sababu mvua hailetwi na mtu. Anachoweza ni kuandika bei za misimu kadhaa, badala ya kuikumbuka ile iliyomfurahisha, na kuamua mapema kiasi anachoweza kukipoteza bila kuuza shamba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huo mkeka wa kwenye simu nao ni wa kupita.