Kadi ya Kuigiza na Kiendeshi Kikongwe
Wapo wanaoshikilia kwamba QEMU, programu ya kuigiza tarakilishi aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka wa 2003, ivitupe vifaa vyake vikuukuu. Hoja yao ina mashiko: VENOM, kasoro iliyofichuliwa mwaka wa 2015, ilijificha katika kidhibiti cha disketi, kifaa ambacho wengi hawakujua kamwe kwamba wanacho. Kisiwashwe pasipo kuombwa, basi! Hata hivyo, Windows 95 ikiendeshwa humo huitambua kadi ya picha ya Cirrus Logic, na kiendeshi chake, yaani programu inayozungumza na kadi hiyo, hakuna atakayekiandika upya. Kadi ndiyo impasayo kumfuata mgeni, hata katika dosari alizozizoea. Ikiondolewa, aliyehifadhi ramani za lahaja katika mfumo huo atazitazama kwa rangi 16 tu.