GARI LA KUVUTA MAGARI KIPINI: ITIWE INJINI GANI?



Wenzetu wanaofanya kazi na gari la kuvuta magari huku Kipini wametuletea swali, na sisi twaona ni swali la wafanya kazi, si la fundi peke yake. Gari lenyewe ni Bedford la zamani, la pua ndefu, lenye winchi nyuma. Injini yake ya petroli imechoka. Mwenye gari ataka kutia injini ya dizeli, na amekwisha sikia maneno mengi. Huyu amwambia atie injini mpya ya komoni reli. Yule amwambia atie ya Landkruza. Wa tatu asema achukue yo yote ile, kisha pampu ifunguliwe, dizeli iongezwe, gari livute kama tembo.

Tajiri ndiye atakayetoa fedha, hilo twalijua. Lakini atakayelala chini ya lori matopeni kufunga mnyororo si yeye, ni taniboi; na atakayeshika usukani mteremkoni na mzigo wa mtu nyuma ni dereva. Kwa hiyo tumeandika maoni yetu wazi, apate kuyasoma naye.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Lami itokayo Garsen kupita Witu kwenda Lamu ni jambo la kushukuriwa. Lakini magari hayakwami sana juu ya lami. Hukwama ukiiacha lami kuelekea mtoni na mashambani, penye udongo mweusi wa delta ambao jua likiwaka ni mgumu kama jiwe, na mvua ikinyesha ni kama uji. Tena maji ya Tana yakija, hata lami yenyewe haisalimiki: mwisho wa mwaka 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garsen na Lamu sehemu za Gamba, magari yakasimama pande zote mbili. Lori la maembe likizama mpaka ekseli, halitolewi kwa mbio. Hutolewa polepole, injini ikizunguka chini chini bila kuzimika, winchi ikikaza inchi kwa inchi. Basi anayekuja na hesabu ya farasi wangapi na mwendo gani, ajibiwe kwa adabu kwamba hilo silo tulilouliza. Tumeuliza nguvu ya kuvuta katika mzunguko mdogo.

Sasa hiyo komoni reli. Hatuitukani. Hula dizeli kidogo, haitoi moshi mwingi, haina kelele, na huvuta vizuri sana. Mtu mwenye lori jipya, aliye karibu na mafundi wenye kompyuta ya kusomea makosa yake, ana haki kulifurahia. Lakini injini ile hupeleka dizeli kwenye nozeli kwa msukumo mkubwa, kupita bari 1,500, kwa hiyo sehemu zake zimebanana mno hata chembe ya vumbi usiyoiona ni adui. Na kitu cha kuilainisha pampu yake ni dizeli hiyo hiyo. Tuulizane kweli: dizeli yetu hufikaje Kipini? Mara nyingi katika mitungi ya plastiki, juu ya pikipiki au nyuma ya pikapu, inamiminwa kwa chupa iliyokatwa. Maji hayakosi. Mafuta ya taa nayo yana historia yake: mwaka 2018 Serikali ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. Pampu ya komoni reli ikinyweshwa hayo husagika, na chuma chake kilichosagika huenda moja kwa moja kwenye nozeli zote.

Ongeza waya na vipima vyake. Hewa ya bahari ya Kipini hula hata bawaba za mlango. Tupu za waya zitasalimika vipi ndani ya Bedford ambalo bodi yake ina matundu? Kipima kimoja kikidanganya, injini hujizuia nguvu au hukataa kuwaka, na fundi wa spana hana la kufanya. Gari la kuvuta wengine litavutwa na nani?

Tena kuna hatari ambayo wenzetu wengi hawaijui. Dizeli ivujayo katika bomba la komoni reli haionekani vizuri, ni kama uzi wa mvuke. Mtu akipitisha kidole kutafuta inapovuja, hupenya ngozi na kuingia nyamani. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, hata mtu hucheka, kumbe mkono waweza kupotea. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje uvimbe. Hata nozeli za zamani zaweza kutoboa ngozi zikijaribiwa nje ya injini, ingawa msukumo wake ni kiasi cha bari 200 tu.

Injini ya Landkruza, ile 1HZ ya lita 4.2, ni injini ya heshima. Lakini kuvuta lori lenye shehena kila siku ni kuionea. Pampu yake pia ni ile fupi ya kuzunguka, ambayo ndani yote hulainishwa na dizeli. Maji yakiingia, imekwisha.

Sisi twachagua Isuzu 6BD1. Ni silinda sita, lita 5.8, haina turbo wala kompyuta, na pampu yake ni ile ndefu ya mstari, yenye kijiti chake kwa kila silinda. Kemshafti ya pampu hiyo huoga katika oili ya injini. Ni vijiti vya juu tu vinavyotegemea dizeli. Haipendi uchafu, hakuna pampu iupendao, lakini huvumilia, na huanza kuchoka polepole ikikupa habari mapema kwa moshi na kwa ugumu wa kuwaka. Betri ikifa, gari husukumwa likaondoka. Kiwanda cha Nairobi, kilichokuwa cha General Motors mpaka mwaka 2017, kimeunda malori ya Isuzu miaka mingi, hivyo spea na watu wanaozijua hawako mbali. Bedford kubwa ziliachwa kutengenezwa na General Motors huko Uingereza katika miaka ya 1980. Kutafuta injini yake ya asili leo ni kutafuta shida.

Injini hiyo isije peke yake. Ije na klachi na giaboksi yake, maana giaboksi ya zamani haikuumbwa kwa mvuto huo. Springi za mbele zitazamwe, kwa kuwa chuma hicho ni kizito. Umeme nao: malori mengi yenye injini hiyo ni ya volti 24, Bedford ni la 12. Asiwepo mtu wa kuunganisha ovyo, kisha usiku tukavuta lori barabarani bila taa za nyuma.

Lakini kilichotufanya tuandike karatasi hii ni breki. Bedford hilo lina breki za mafuta zinazosaidiwa na uvutaji wa hewa, na uvutaji huo ulitoka katika injini ya petroli yenyewe. Injini ya dizeli haina uvutaji huo. Lazima iwe na pampu yake ya kuvuta hewa, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya jenereta ya kuchajia betri. Fundi akiisahau, au akaiacha kwa kuwa bomba halikufika, gari litawaka, litanguruma, litasifiwa na kila mtu uwanjani. Na siku dereva atakapokanyaga breki akiwa na lori nyuma yake, mguu utakuta kitu kigumu kama ukuta, na gari haliko tayari kusimama. Hapo dereva ndiye atakayeshitakiwa.

Habari ya kufungua pampu na kuongeza dizeli, sisi twaikataa. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haileti nguvu, huleta moshi mweusi na joto la kuyeyusha pistoni. Moshi huo huvutwa na taniboi asimamaye penye winchi, na tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa hakika. Pampu na nozeli zipelekwe Mombasa zikapimwe kwenye mashine, zifungwe kwa lakiri, na lakiri isiguswe. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200, kweli, lakini ni ya mara moja. Bomba la moshi lipandishwe juu ya kichwa cha gari, na bomba la kuvutia hewa vile vile, kwa ajili ya maji. Chujio la kutenga maji liwekwe kabla ya pampu, limwagwe kila asubuhi. Na dizeli ipitishwe kitambaani hata kama mwuzaji ni shemeji.

Injini ikisha badilishwa, namba yake mpya iarifiwe NTSA iandikwe kwenye logbuku. Ajali ikitokea na namba hazilingani, bima itapata pa kukimbilia, na familia ya mfanya kazi itaachwa ikizunguka maofisini.

Wenzetu watakutana na mwenye gari juma hili. Waende wawili, wasiende mmoja, nao waende na karatasi hii. Swali la kwanza liwe ile pampu ya kuvuta hewa: iko wapi, ionyeshwe kwa mkono. La pili, gari lijaribiwe na mzigo mahali tambarare kabla ya kutumwa kazini, dereva akiwepo. Wakiambiwa waende hivyo hivyo breki zitatengenezwa baadaye, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yawataka watoe habari ya hatari ile, na tajiri hana ruhusa kuwarudisha kazini hatari ingali ipo. Habari hiyo iandikwe, itiwe tarehe, na nakala moja iletwe kwetu.