Aliyepasuliwa Moyo Apewe Muda wa Kupona

Ndugu Wafanyakazi,

Mimi ni mtu wa genge la njia ya reli, na ni mwanachama wa chama hiki kwa miaka kumi na miwili. Leo naomba nafasi niseme neno juu ya mtu aliyepasuliwa moyo. Siandiki habari za kusikia. Aliyepasuliwa ni mimi.

Kwanza nawashukuru sana. Ugonjwa wangu ulianza utotoni, kwa koo kuuma na homa iliyofuata, ukala mlango mmoja wa moyo polepole mpaka nikawa sipandi hata ngazi. Mliposikia, mlichanga. Nyapara wetu alizunguka na daftari siku ya mshahara, wala hakuna aliyegeuza uso. Mungu awabariki. Lakini nimeona kosa moja, na kosa hili ni letu sote, hata mimi nilikuwa nalo kabla sijaugua. Sisi tunachangia kisu, hatuchangii kitanda. Mgonjwa akirudi nyumbani kwa miguu yake twasema, "Amepona," kisha twafunga daftari.

Ndugu zangu, hajapona. Ili kuufikia moyo, daktari huukata mfupa wa kifua kwa msumeno, katikati, toka juu hata chini. Moyo husimamishwa, na mashine ikafanya kazi ya moyo na ya mapafu. Kazi hiyo ilifaulu mara ya kwanza mwaka 1953, Daktari John Gibbon alipomtengeneza moyo msichana mmoja huko Philadelphia, Marekani. Ikiisha, mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma. Ngozi hufunga upesi, lakini mfupa hutaka majuma 6 hata 12 kushikana, na nguvu za mwili huchelewa zaidi.

Watu wa njia hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Tukiisha kubadili mataruma na kushindilia kokoto, je, gari la kwanza hupita kwa mbio? Hapana. Twaweka kibao cha mwendo wa pole, na dereva hutii, mpaka njia itulie. Kwa nini reli tuihurumie, na mwenzetu tusimhurumie?

Nawaambia yaliyonipata. Katika juma la nne mke wangu alikuwa sokoni, na maji ya mfereji yamekatika. Majirani walipita wakaniona nimeketi kitini mchana kutwa, mwanamume mzima. Nikaona haya. Nikainuka, nikabeba mtungi wa lita 20, na daktari alikuwa amenikataza kuinua kitu kupita pakiti mbili za unga. Nikasikia mfupa umealika ndani ya kifua. Nilirudishwa hospitali usiku ule. Kwa bahati nyaya hazikukatika, lakini nilikemewa kama mtoto. Nilijua vema nimekatazwa. Kilichoniponza ni haya. Nanyi mjue kwamba maneno kama "Mbona umenenepa?" au "Utarudi lini?" yaweza kumwinua mgonjwa kitini kabla ya siku zake.

Kuna na mengine yasiyoonekana. Usiku usingizi hauji. Kuna siku nililia bila sababu, nikadhani imani yangu imepungua, mpaka daktari akaniambia kwamba jambo hili huwapata wengi nalo hupita. Kwa kuwa nimetiwa mlango wa kutengenezwa, nitakunywa dawa ya kuzuia damu isigande siku zote za maisha yangu, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Sukuma wiki sikukatazwa, ila nile kwa kipimo kile kile, maana mboga za majani zikizidi au zikipungua ghafula, dawa haifanyi kazi sawasawa. Dawa za maumivu za dukani nisimeze bila kuuliza. Nikipata homa, au kidonda kikitoa usaha, au miguu ikivimba, au pumzi ikikatika, nisingoje asubuhi. Hayo yote yataka utulivu, na nauli, na chakula.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini, akiwa na cheti cha daktari, apewe si chini ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, lakini hesabu hii naiweza. Saba na saba ni 14. Majuma 12 ni siku 84. Zinabaki siku 70. Mtu ale nini? Siku zangu 14 zilikwisha ningali hospitali. Likizo yangu ya mwaka nayo nimeila. Leo niko juma la kumi bila mshahara, na mke wangu anauza mandazi. Ndiyo sababu wengine hurudi kazini na kifua kibichi, wakamficha nyapara, wakashika mtaimbo.

Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 26, yasema hayo ni masharti ya chini kabisa, na mapatano ya chama yakiwa bora, yatafuatwa hayo. Basi mlango uko wazi. Ni kazi yetu kuingia.

Najua wengine watanung'unika kwamba kazi nyepesi ni kubembeleza wavivu, na mzigo wake utawaangukia wao. Nawajibu hivi: taruma huinuliwa na watu pamoja. Mmoja mwenye mfupa usioshikana akiachia, ni miguu ya nani iliyo chini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Katika mapatano yajayo chama kidai miezi mitatu yenye mshahara kwa mfanyakazi aliyepasuliwa upasuaji mkubwa, kwa cheti cha daktari.

2. Arudipo apewe kazi nyepesi, kama ya stoo au ya kuandika mahudhurio, mpaka daktari aseme basi.

3. Kila tawi liweke zamu ya kumtembelea mgonjwa, kumtekea maji na kumpeleka kupimwa damu. Hili halitaki ruhusa ya mkubwa yeyote. Laweza kuanza Jumamosi hii.

Mimi namshukuru Mungu, natembea kila asubuhi mpaka stesheni na kurudi. Nataka kurudi kazini. Lakini nataka kurudi nimepona, nisije nikawachangisha mara ya pili, kwa jeneza.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi,
Mtu wa Njia, Nakuru