Muriel Feelings na Hesabu ya Kiswahili: Kazi Iliyobaki ni Yetu

Muriel Feelings (1938–2011), Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Philadelphia, alifundisha katika shule ya sekondari mjini Kampala miaka ya 1960. Baadaye aliandika vitabu vya picha vya watoto, vikiwemo Moja Means One (1971) na Jambo Means Hello (1974), vilivyochorwa na Tom Feelings, mumewe wa wakati huo. Vyote viwili vilipata heshima katika tuzo ya Caldecott ya Marekani, mwaka 1972 na 1975.

Mwanaisimu anaweza kuvikosoa kwa urahisi. Kwanza, jambo ni nomino yenye maana ya shauri au habari. Salamu kamili ni hujambo au hamjambo, yenye kiambishi kikanushi cha nafsi. Pili, moja, mbili, tatu ni majina ya namba tu. Katika tungo, idadi hupatana na nomino: watoto wawili, miti miwili, vikapu viwili.

Hoja hizo ni sahihi, ila hazitoshi kuvipuuza vitabu hivyo. Mtoto Mweusi wa Marekani hakuandikiwa sarufi. Alionyeshwa kwamba Afrika ina lugha yenye hesabu na alfabeti yake. Jambo Means Hello ina maneno 24, kwa kuwa Kiswahili hakitumii herufi Q na X. Mtoto anayeligundua pengo hilo amekwisha jifunza kuwa tahajia ya lugha moja si kipimo cha nyingine.

Kosa ni kuvifanya vitabu hivyo kielelezo kwa mtoto anayekua na Kiswahili, Tanga au Mombasa. Huyu anahitaji kitabu cha hesabu kinachobadili ngeli kila ukurasa: mayai mawili, visu vitatu, watu wanane. Humo ataona pia kwamba sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazichukui kiambishi, wala kumi, ingawa ni la Kibantu.

Upatanisho huo tunaufundisha vyuoni kwa majedwali, ilhali unaweza kuchorwa. Wanaisimu hatuna budi kuketi na wachoraji na kuiandika kazi hiyo. Fasihi ya watoto si daraja la chini la taaluma yetu. Ndiko msomaji wa kesho anakokutana na lugha iliyoandikwa kwa mara ya kwanza. Feelings alitimiza wajibu kwa wasomaji wake. Wa kwetu wangali wanangoja.